1,022,117, Namba ya Shangazi

Shangazi yangu anafundisha hesabu, na si mtu wa kusamehe. Nasema hivyo kwa kumsifu.

Mwalimu mwenzake, ambaye wanafunzi walimwita Kipaza kwa sauti yake, alichukua somo ambalo shangazi alilipanga kwa jasho lake, la kutambua namba zinazogawanyika kwa saba. Akalichapisha kwenye jarida la walimu, jina lake juu, picha yake chini. Shangazi alipolalamika aliambiwa aache wivu. Kisha tukasikia Kipaza ndiye atakayepewa ukuu wa idara, nafasi aliyostahili shangazi. Nilichemka, nikamwambia tumshtaki. Akasema tumwachie mlango wazi, ataingia tena mwenyewe.

Ofisini kwao palibandikwa chati ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Ilianza na 2 ikaishia 997. Mwalimu akitaka kujua kama namba ni tasa, aliigawa kwa kila iliyo kwenye chati. Zote zikikataa, basi, ni tasa. Njia hiyo haikuwahi kumwangusha mtu, maana namba za darasani ni ndogo.

Asubuhi moja shangazi alimwambia jirani yake wa meza, Kipaza akiwa karibu anakoroga chai isiyo na sukari, "1,022,117. Nimeipitisha kwenye chati nzima, hakuna inayoigawa." Hakudanganya hata neno moja.

Wakaguzi walipokuja darasani kumpima mkuu mtarajiwa, Kipaza aliiandika namba hiyo ubaoni, akajigamba kwamba hii ni tasa na ameigundua mwenyewe. Wageni wakapiga makofi. Shangazi alikuwa ameketi nyuma, mikono mapajani.

"Mwalimu, umeijaribu kwa 1,009?"

"Nimemaliza chati nzima, dada yangu."

"Chati inaishia 997, na kujaribu huisha pale tu namba ya kugawia, ikizidishwa kwa yenyewe, inapoipita ile unayoipima. Namba yako inadai ufike 1,010, maana 1,011 ikizidishwa kwa yenyewe inaipita kwa nne tu. Na tasa inayofuata baada ya 997 ni 1,009."

Mkaguzi mkuu akamwomba agawanye. Kipaza akagawanya, chaki ikimkatikia vidoleni. Jibu likatoka 1,013, hakikubaki kitu. Wanafunzi wa dawati la mbele wakaanza kucheka chini chini. Mkaguzi akamwomba basi aeleze lile somo lake la saba lililo jaridani. Kipaza akakohoa. Shangazi akainuka, akalieleza mpaka mwisho bila kuangalia popote.

Kipaza alimfuata koridoni. Nilikuwa nimekuja kumchukua shangazi, nikasikia.

"Ungeniambia pembeni, dada. Umenivua nguo mbele za watu."

"Na wewe lile somo ungeniomba."

Ukuu wa idara alipewa shangazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuongeza 1,009 chini ya chati kwa wino mwekundu. Ya pili, kuihamisha chati hiyo hadi kwenye ukuta unaotazamana na kiti cha Kipaza.