Mstari wa "Mengineyo" Nimeuacha Wazi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa ukurasa huu. Hamjambo, na afya zenu? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Admin, nifichie jina.

Ni mama wa miaka arobaini na nane, niliishia darasa la saba. Nafanya kazi kituo kimoja cha afya huku Butiama, upande wa kadi. Naita jina, mgonjwa anasimama, nampeleka na kadi yake kwa nesi.

Sasa kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hata kama mtu baki analo. La mkwe wangu ni lile la waliozaliwa mvua ikinyesha, na huku limejaa. Wenye jina hilo huwa nawaitaga kwa kijiji. Mwezi uliopita nikaita, "Mzee wa Bugwema." Akasimama mzee. Sikujua wazee wa Bugwema siku hiyo walikuwa wawili, na huyu aliyesimama hana jina hilo. Nesi, binti mwenye adabu, akaniuliza, "Mama, ndiye huyu?" Nikasema, "Ndiye." Akamchoma sindano ya yule mwingine. Mzee akavimba uso mpaka macho yakaziba, akakimbizwa Musoma. Mungu ashukuriwe, amepona.

Juzi akaja mtaalamu anayepima ni nini kinamfanya mtu akosee kazini. Fomu inauliza usingizi, kelele, mwanga, wingi wa wagonjwa, unaweka alama moja mpaka tano. Nikaweka tano kwenye kelele. Mwenzangu wa kadi akacheka, "Kelele gani, na siku ile hata watoto wa kliniki hawakuwepo? Au uliimba kwaya peke yako?" Mtaalamu akanirudishia fomu taratibu. "Mama, hapa kwenye 'Mengineyo' umeacha wazi. Jina lako haliandikwi."

Langu haliandikwi, sawa. Na lile?

Ijumaa nesi anahojiwa, huenda akafukuzwa. Jana kaniambia, "Mama, niombee. Labda kweli nilikuwa nimechoka." Nikamwombea, mkono juu ya kichwa chake, na ukweli ninao mdomoni. Mume wangu nilipomgusia akasema, "Kikao kikikutaka ulitamke jina la baba, hapa nyumbani utarudi na uso gani?"

Nikiandika, naweza kukosa kazi na ukwe. Nikinyamaza, mtoto wa watu anabeba kosa langu. Jumapili nimeshindwa hata kupokea komunyo. Fomu iko ndani ya Biblia, na mtaalamu anaifuata Alhamisi. Nishaurini, ule mstari niujaze? Naomba mnijibu mapema.