Vikombe Saba Ukutani

Sheria ya jeshi la Mzungu niliijua kuliko nilivyoijua Baba Yetu, na niliiheshimu nusu yake. Miaka ile ya hamsini nilikuwa koplo wa polisi wa kambi, nje kidogo ya Thika, na kitambaa chekundu kwa mkono. Kazi yangu ilikuwa kukamata askari wenzangu: huyu amelala zamu, yule amelewa Ruiru akarudi bila kofia. Tulikuwa na kosa moja tulilolipenda sana, mwenendo wa kuharibu nidhamu. Ukikosa kosa la kumshtaki mtu, unamwandikia hilo. Mimi mwenyewe nilimfungia mtu siku mbili ati amepiga chafya kwa dharau.

Kisha ikaja amri mpya. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, na wakubwa waliogopa kuna wageni wamefichwa kwa nyumba za askari wenye familia. Kila nyumba ihesabiwe watu. Akipatikana mtu ambaye hayuko kwa kitabu cha familia, mume anavuliwa cheo na familia inatolewa kambini siku hiyo hiyo. Kazi nikapewa mimi.

Kuhesabu watu! Aliyeandika amri hiyo hajawahi kumuuliza mama wa Kikamba ana watoto wangapi. Askari wengi pale tulikuwa Wakamba, na kwetu, mashariki ya Thika, mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu umekiita kifo kije kichague. Kanisani tunaenda kila Jumapili, ndiyo, lakini hata mchungaji wetu ukimuuliza habari ya watoto atakujibu, "Wapo, Mungu amenipa," na hapo ameishia. Nyumba ya kwanza nilifukuzwa kwa mwiko. Ya pili mama alinifungia mlango, akaniambia nikahesabu wa mama yangu.

Nikakaa chini nikafikiri, jambo ambalo jeshini halikuwa kawaida. Wanawake wa kambi walikuwa na utaratibu wao: kila mtu wa nyumba na kikombe chake cha bati, kimefungwa uzi wa rangi yake, kimetundikwa kwa msumari ukutani, watoto wasipigane wakati wa chai. Nikarudi nikaomba kuhesabu vikombe. "Vikombe hesabu mpaka uchoke!" wakaniambia, wakacheka. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza kambi nzima, na haki nilijiona mwerevu kuliko afisa yeyote. Nyumba ya mwisho ilikuwa yangu. Mke wangu alikuwa nje anapepeta mahindi. Nikachungulia ukutani, nikaona saba, nikaandika saba, nikaenda kula.

Kesho yake karani wa kambi akaniita. "Koplo, kitabu cha familia kinasema nyumba yako ni sita. Wewe, mama, na wavulana wanne. Huyu wa saba ni nani?"

Nikamwomba anisomee tena. Msinicheke. Watoto wangu niliwajua kwa sura, kwa kikohozi, kwa vile kila mmoja anavyosukuma mlango. Kwa hesabu sikuwajua. Hata kichwani sikuwa nimethubutu.

Sajini meja alifurahi kama mtu aliyeletewa nyama. Akaandika mashtaka mwenyewe: kuficha mtu kambini, na chini yake lile letu la nidhamu. Nikanyang'anywa mkanda na kofia. Walionipeleka mbele ya kamanda ni vijana niliowafundisha kazi mimi mwenyewe, na walinikimbiza mguu kushoto mguu kulia kwa raha zao, mashetani wale. Lakini mtoto wetu wa mwisho alikuwa na ugonjwa wa kifua na alitibiwa hospitali ya kambi. Tukitolewa, nani angempa dawa? Niliogopa kuliko nilivyoogopa vitani.

Kamanda alikuwa Mzungu wa shingo nyekundu, Kiswahili chake ni cha kuamuru tu. "Nani namba saba?"

"Sijui, afande."

"Leta mama."

Mke wangu akaja na sinia, na vikombe vyote juu yake. Hakupiga magoti, hakulia.

"Mama, watoto ngapi?"

"Wapo."

"Ngapi?"

"Si nimesema wapo?"

Akaanza kupanga vikombe juu ya meza, juu ya faili yangu kabisa. "Hiki cha koplo. Hiki changu. Hiki cha kifungua mimba." Akaendelea hivyo mpaka cha yule mgonjwa. Kikabaki kimoja cha uzi wa samawati, akakishika kwa mikono miwili.

"Hiki ni cha msichana wangu. Alizaliwa wakati ulipompeleka baba yake vita vya Malaya. Nilikinunua nikingoja ajue kushika. Alikaa miezi mitatu."

Niliporudi kutoka Malaya, ng'ambo kule Asia, niliambiwa mtoto alikuja akaenda. Nikasema pole, kama mtu anayemwambia jirani, nikaomba chai. Miaka yote hiyo nilikunywa nikitazamana na kile kikombe, nikidhani ni cha wageni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kamanda alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Kesi hapana," akasema. Lakini karani akakohoa. Orodha yangu ya hesabu ilikuwa imeandikwa kwa wino, imetiwa sahihi, na sheria inakataza kufuta. Kumtoa mtu lazima kuwe na fomu ya kuonyesha amehamia wapi, na aliyempokea atie sahihi. Nani angetafuta sahihi hiyo?

Basi ili vitabu visigombane, msichana akaandikwa katika kitabu cha familia. Karani akauliza jina. Mke wangu akalitaja, na ndio mara yangu ya kwanza kulisikia. Alikuwa amempa jina la mama yangu. Mila ndiyo hiyo, ningeweza kujua mwenyewe kama ningeuliza.

Miaka miwili baadaye nilihamishwa Nairobi. Jeshi likatupa cheti cha reli, watu wazima wawili na watoto watano. Treni iliposimama Ruiru mkaguzi akaingia, akaanza kutuelekezea penseli mmoja mmoja. Mke wangu akawavuta watoto nyuma ya leso yake.

"Usiwahesabu," nikamwambia.

"Koplo, hapa pameandikwa watano. Naona kama kuna mmoja hayupo."

Kando ya dirisha palikuwa na nafasi, na mke wangu alikuwa ameweka kile kikombe hapo. Nikamtajia mkaguzi jina la binti yangu, kwa sauti, mbele ya watu wote wa behewa.

"Yupo," nikasema.

Akatazama kikombe, akanitazama mimi, akatoboa cheti na kuendelea na behewa lingine.