Khanga Juu ya Vioo Vitatu

Kazi yangu ni kubuni darubini ndogo za kupelekwa angani: vioo vitatu vilivyopinda vinarushiana mwanga ndani ya boksi lenye ukubwa wa mkate, hadi kwenye kamera. Mama hakuipenda kazi hiyo. Ngurumo ikisikika tu, alikuwa anafunika kila kioo cha nyumba kwa khanga, eti vinaita radi, na mimi msomi nilikuwa namcheka waziwazi.

Baada ya arobaini yake nilibaki peke yangu nyumbani kwake Msimbu. Mchana mmoja nikaelekeza boksi dirishani, kwenye mnara wa simu, nijaribu picha. Mawingu yakaja kutoka upande wa Ruvu. Ngurumo ya kwanza ilipopiga, picha kwenye kompyuta ikawa nyeusi tii. Nikalaani nyaya, nikakagua kamera, ni nzima. Ndipo nikatazama dirishani.

Boksi lilikuwa limefunikwa khanga ya mama, ile ya njano, ambayo siku ya arobaini nilimkabidhi shangazi kwa mkono wangu, akaondoka nayo kwenda Kibaha.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Khanga sikuigusa. Nilikwenda chumbani, nikafunika kioo cha kabati pia.