Karatasi ya Bakambale

Leo kwa bureau ya serikali bametuambia eti batu betu ni ba kutunga. Sisi!

Muezi muzima, mimi na jirani yangu mama Kavira tulizunguka mtaa wa Kimemi na mu vijiji, batu batie kidole ku karatasi kukatala ile santrale ya nikleere, kiwanda ya umeme wa nyuklia yenye serikali inataka kujenga kwetu. Barabara ya Beni tu habawezi kuilinda, sasa balinde nikleere?

Mukubwa mwenye alitumwa toka Kinshasa akafungua karatasi. Akasoma: Kambale. Kambale. Kavira. Kambale. Kambale...

Akacheka. «Mais, lakini hii yote mutu moja ndiye aliandika!»

Nikamuambia: Chef, kwetu Banande mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale. Angalia vidole, havifanane.

«Basi kila Kambale akuje hapa mwenyewe, na carte yake ya kitambulisho.»

Mama Kavira akainamisha kichwa. Vita ilisha bakimbiza wengi. Carte zabo ziliungulia mu manyumba.

Mukubwa akaturudishia karatasi. Kisha akashika bic yake ya kuandikia.

«Na wewe, unaitwa nani?»

Bandugu, mungejibu aje?

Mimi pia niko mutoto mwanaume wa pili.