Karatasi ya Madume

Mwanangu, nakumbuka Ijumaa moja hapa Kisumu, nikiwa kijana wa maabara katika kituo kilichofuga tumbili kwa utafiti. Saa sita ilikuwa imepita na nilikuwa na haraka ya kwenda msikitini. Mezani ilibaki damu ya tumbili mmoja tu, jike dogo lililoletwa kutoka Sondu. Mtunza wanyama wetu, Bwana Ouma, alimwita Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu.

Nikaipima. Kipimo kimoja, kile kinachopanda ini likiumia, kilikuwa juu mno. Wekundu wa damu nao ulikuwa chini. Ukutani tulibandika karatasi ya viwango vya kawaida, nami nililinganisha nayo kama tulivyozoea. Nikaandika: ini limeharibika. Nikampelekea daktari wa wanyama, nikaenda kutawadha.

Nilijua maana ya maneno yale. Kituo chetu kiliogopa maambukizi ya ini, na mnyama aliyeandikwa hivyo hakuachwa hai mpaka kesho.

Nilikuwa naosha miguu bombani Mama Atieno, mkuu wa maabara, aliponijia na nakala ya majibu yangu.

"Yusufu, huyu ana umri gani?"

"Sijui, Mama."

"Dume ama jike?"

"Jike."

"Na ile karatasi ya ukutani ni ya nani?"

Ilikuwa ya madume waliokomaa. Sote tulijua, ila tuliizoea hata hatukusoma tena kichwa chake.

"Huyo ni mtoto, mifupa yake inakua," akasema. "Mifupa inayokua hupandisha kipimo hicho hicho, ini likiwa zima kabisa. Na wekundu wa damu ya jike haufikii wa dume. Daktari yuko wapi?"

Nilikimbia bila viatu, maji yakinichuruzika, nikakatiza uani mpaka chumba cha matibabu. Nyar Sondu alikuwa amelazwa mezani, tayari amelewa dawa ya usingizi. Bwana Ouma alimshika mkono, uso ameugeuzia dirishani. Daktari alikuwa anavuta dawa ya pili kwenye sindano, ile isiyo na kuamka.

"Daktari, ngoja! Nimekosea mimi."

Daktari aliniangalia, sindano bado mkononi. Mama Atieno akaingia nyuma yangu akihema, na faili la tumbili wachanga kwapani. Wakasoma mstari kwa mstari, nami nikisikiliza pumzi za yule mnyama. Mwishowe daktari akaiweka sindano chini.

"Wa umri wake wote wako hivi," akasema. "Huyu ni mzima."

Bwana Ouma akapangusa macho kwa mkono wa koti, kisha akanigeukia. "Wewe kijana! Wewe nawe ukipimwa kwa karatasi ya nyanyako, si tutakuzika kesho?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Swala ya Ijumaa ilinipita. Niliswali adhuhuri peke yangu, nikamshukuru Mola kwamba mama yule hakungoja nirudi. Nilikuwa nikikimbilia kusimama mbele Yake huku amana Yake, uhai wa yule mnyama, nimeiacha mezani, nikijiona mcha Mungu.

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi, nakuomba hivi. Kabla hujasema kiumbe ni mgonjwa, mvivu au mbaya, uliza kwanza ni nani, ana umri gani, na unamlinganisha na nani. Na ukigundua umekosea, sema hapo hapo, hata kama miguu yako imelowa na watu wanakutazama.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayotazama mara mbili, akupe na watu wa kukuuliza maswali ungali na muda wa kukimbia. Amina.