Kaburi la Mungaa Lililoandikwa Ua wa Minyaa

Saa mbili na nusu asubuhi, Anastazia Alute anaegemeza ufagio ukutani, anakaza kanga yake na kuingia darasani. Kwa dakika arobaini zijazo yeye si mfagizi wa chuo hiki cha ufundi cha Utemini, mjini Singida. Ni mwanakijiji ambaye barabara itapita kwenye boma lake.

Wanafunzi 32 wa uhandisi wanamngoja. Leo wanaigiza wapimaji na viongozi wa kijiji. Mkufunzi wao, Hezekia Mazengo, haamini kwamba haki za binadamu zinafundishika ubaoni.

"Sheria wanaikariri, wanafaulu, wanasahau," anasema. "Mtu aliyekukazia macho, huyo huwezi kumsahau."

"Shikamoo mama," anaanza Leonidas, kijana mrefu mwenye futi ya kupimia. Anaeleza ramani, tarehe, fidia ya nyumba na miti. Anamuuliza kama ameelewa, kisha anamsogezea fomu.

Anastazia anaweka dole gumba. Ndivyo alivyofanya kweli kwao Mungaa, wilayani Ikungi, miaka tisa iliyopita.

Kaburi la binti yake Rebeka, nyuma ya nyumba, halikuwa na saruji wala msalaba. Lilizungushiwa minyaa tu, mimea ya utomvu ipandwayo kuwa ua. Mpimaji akaandika: ua wa minyaa, mita nane. Anastazia hajui kusoma. Alidhani mtu aliyehesabu hadi mipapai hawezi kukosa kuliona kaburi, naye alilelewa kutomtajia mgeni wafu wake asipoulizwa.

"Nilienda kuteka maji. Kurudi, greda limeshapita. Sasa malori yanamkanyaga mwanangu," anasema.

Huu ni mwaka wa tatu anaigiza siku ile, kwa ramani yenye ua uleule wa minyaa. Makundi kumi na moja yamekaa mbele yake, na hakuna lililouliza kwenye minyaa kuna nini. Inamuuma, wala hafichi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Hezekia alitaka kaburi lichorwe kwenye ramani ya zoezi. Anastazia akakataa. "Hapa wataandikiwa. Kule nani atawaandikia?"

Zoezi likiisha, Hezekia huwaambia ukweli. Leo darasa zima linainama.

"Mama, mbona hukusema?" anauliza Leonidas.

"Hukuniuliza, baba. Uliuliza kama nimeelewa."

Mwezi ujao wanafunzi hawa wanakwenda Mtinko kupima barabara ya kweli. Anastazia ameomba kiti kwenye gari lao. Chuo hakijamjibu, naye hana matumaini makubwa.

"Sitasema kitu," anasema, akiuchukua ufagio. "Nataka kumwona hata mmoja akizunguka nyuma ya nyumba ya watu kabla hajafungua karatasi yake."