Mtihani Mmoja kwa Mikondo Yote

Wanafunzi walimwita Mwalimu Rula, kwa urefu wake na kwa kuwa hakupindika. Alikuwa amefundisha hisabati miaka kumi na minne katika shule ileile, na miaka yote hiyo mkondo C uliitwa Ghala. Huko ndiko walikorundikwa waliodhaniwa hawana kichwa.

Siku moja, baada ya Rula kurudisha karatasi za jaribio, msichana mmoja wa mkondo C, binti wa fundi viatu, alimfuata mlangoni na karatasi mbili mkononi. Ya pili aliiazima kwa binamu yake wa mkondo A.

"Mwalimu, wao wana maswali kumi na mawili. Sisi manane. Haya manne mmetunyima kwa nini?"

Rula alizichukua karatasi zote mbili. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiyaondoa kwenye karatasi ya C, mwaka nenda mwaka rudi, akidhani anawahurumia.

Kwenye kikao cha walimu Ijumaa ile hakumnyooshea mtu kidole. Alizibandika karatasi zote mbili ukutani, juu ya meza ya chai, akakiri alichofanya. Kisha akaomba mtihani uwe mmoja kwa mikondo yote, na kila mwalimu akubali kuwafundisha C yaleyale anayowafundisha A. Mwalimu wa fizikia, mkongwe wa shule, alisema huko ni kutwanga maji kinuni. Wengine wakaangalia vikombe vyao. Mkuu wa shule, ambaye hakupenda mabishano, akawapa muhula mmoja.

Jaribio la kwanza lilikuwa msiba. Kati ya wanafunzi arobaini na mmoja wa C walifaulu watatu. Mwalimu wa fizikia alimsogezea Rula orodha ya alama mezani. Hata mume wa Rula alimshauri apumzike, asije akajiumiza bure.

"Wamefeli mambo ambayo hatujawahi kuwafundisha," Rula alimjibu. "Hao si wajinga. Ni wageni."

Kesho yake alimwomba mwalimu wa fizikia jambo moja: aje akae dawati la nyuma, kipindi kimoja tu. Mzee akaja, mikono kifuani. Binti wa fundi viatu alikuwa ubaoni, amekosea mara tatu. Rula hakumpa jibu, wala hakumruhusu akakae; alimwambia arudi mstari wa pili. Mara mzee akajisahau.

"Alama ya kutoa, mwanangu! Umeiacha njiani."

Darasa zima likacheka, na yeye pia. Wiki iliyofuata alionekana akivuka uwanja kuelekea C, amekumbatia springi na mizani ambazo kwa miaka hazikuwahi kutoka mkondo A. Wa jiografia akafuata, kisha wa lugha. Jumatano mchana wakawa wanasahihisha pamoja, wakibishana juu ya kosa la mtoto mmoja kama mafundi juu ya injini.

Mwisho wa muhula walifaulu ishirini na watatu kati ya wale arobaini na mmoja. Binti wa fundi viatu alipata hamsini na moja, akanuna, maana alitaka sabini. Mkuu wa shule alisimama kuwapongeza walimu, lakini kabla hajamaliza mzee wa fizikia akanyoosha mkono.

"Na wale kumi na wanane?"

Rula alivuta orodha, akasoma jina la kwanza, akauliza nani anamchukua kumsaidia.